Picha Mbili Dirishani

Daktari alizibandika kwenye kioo cha dirisha
kwa sababu taa ya kusomea picha ilikufa tangu Jumanne,
na jua la Newala halina mgao.
Kushoto mapafu yangu. Kulia ya dada yangu Somoe.

"Peusi msipaogope," alisema, "peusi ni hewa."
Nikacheka, kicheko kikageuka kikohozi.
Hewa! Miaka minne naitafuta usiku,
nimekaa kitandani kama anayesubiri basi la Masasi,
kumbe ninayo, imejaa, imegoma kutoka,
kama wageni wa arobaini waliokula wakalala hapohapo.

Kwangu weusi umekaa juu, chini ya mitulinga.
Kwa Somoe juu ni pazima;
kwake pamechakaa sakafuni,
pale pafu linapokalia kiwambo
kama chungu kwenye mafiga.
Ugonjwa mmoja, jina moja kwenye kadi,
haukutuingilia mlango mmoja.

Mimi mikono hainyanyuki.
Shati nalivaa kwa kuliwinda,
mkono mmoja, napumzika, mkono wa pili.
Somoe hugusa dari akitaka,
ila usimwambie ainame.
Na korosho, jamani, haichumwi. Huokotwa.
Msimu mzima ni mgongo:
bibo, ng'oa, ndoo, bibo jingine.
Kwenye bibo la kumi aliigeuza ndoo akaikalia,
midomo rangi ya zambarau,
akasema ni jua tu.

Mimi nilivuta. Siwezi kuidanganya picha.
Ya kusokota kwanza, kisha ya pakiti,
na kila Juni mashine ya salfa mgongoni,
kipande cha kanga puani,
nikirudi nyumbani wa manjano mpaka kope.
Somoe hakuvuta hata siku moja.
"Sasa yeye kwa nini?"
Daktari aliitazama picha ya kulia kwa muda mrefu.
"Labda moshi wa jikoni. Labda kazaliwa nalo. Sijui."
Nilimheshimu kwa hilo la mwisho.

Kisha akalisema lile.
Kwamba ya juu, kama yangu, Dar es Salaam wanaweza kuifikiria:
hukatwa palipolegea,
na pafu la chini lililokuwa limebanwa
likapata pa kujinyoosha.
Ya chini, kama ya dada,
kisu hakiisaidii sana.

Aliyechoma nyumba ndiye aliyepewa bati.

Sikumwangalia Somoe. Niliangalia viatu vyake,
ambavyo asubuhi nilimfunga kamba mimi.

Njiani bodaboda alitupitisha ukingoni.
Somoe akamgusa bega asimame,
akatazama bonde lote mpaka ukungu wa Ruvuma.
"Watu hulipa nauli kuja kutazama Shimo la Mungu," akasema,
akameza pumzi,
"sisi tumepewa ya kutembea nayo."
Halafu, bila kugeuka: "Uza tani zako. Nenda."
Sikujibu. Mnada ulikuwa wiki mbili mbele
na bei haijui mapafu ya mtu.

Sasa tunaishi hivi: cha juu ya kabati anakishusha yeye,
cha sakafuni nakiokota mimi.
Mjukuu wetu Hadija anasema tukiunganishwa
tunapata mtu mzima mmoja na chenji.
Fomu ya rufaa iko chini ya godoro langu.
Somoe anajua iko wapi. Hawezi kuinama kuichukua,
nami nimepachagua hapo kwa sababu hiyo.

Sista Editruda alitufundisha kutoa pumzi:
midomo kama ya kupiga mluzi, polepole,
"kama unapuliza kibatari bila kukizima,
mwali uiname tu."
Kila usiku tunakaa huku na huku ya meza,
mwali unainama kwake,
unainama kwangu.
Hadija ndiye hukizima, akitaka kulala,
kwa pumzi moja fupi
asiyojua hata kama ameitumia.